Kozi ya mwili ya klabu ya upanga hapa Nürnberg: kitambi kimerudi nyuma, kiwiko nusura kiondoke

Naanza na swali ambalo najua mtaniuliza, wewe mtoto wa Tanga upanga wa Wajerumani wa karne ya 15 unakuhusu nini? Hata mke wangu aliniuliza hivyohivyo, akaongeza na lake, "au unaona aibu kuniambia unaenda jimu?" Jibu ni kwamba jimu nimeshalipia mara tatu tangu nifike Ujerumani na zote tatu nilienda wiki mbili nikapotea, hela ikaendelea kukatwa benki kila mwezi kama kodi ya nyumba. Ile kukimbia kwenye mkanda unaangalia ukuta mimi siwezi. Na kazi yangu ni foklifti kwenye ghala, masaa nane kitako, usiku chai na maandazi, miaka minne nikatoka kilo 86 nikafika 104 na ushee huku urefu uko palepale mita 1 na sentimita 72. Daktari akapiga hesabu yake ya BMI, ile ya uzito kwa urefu, ikatoka 35, akaniangalia juu ya miwani, hakusema kitu, na kule kunyamaza kwake ndo kuliniuma zaidi.

Sasa kwa asiyejua, kuna watu Ulaya na Marekani wanafufua upiganaji wa panga wa zamani kwa kusoma vitabu vya walimu wa enzi hizo na kujaribu kilichoandikwa kwa miili yao. Sio maigizo ya sinema, na sio ule mchezo wa Olimpiki wenye visu virefu vyembamba na waya wa umeme mgongoni. Hapa unashika upanga wa chuma wa mikono miwili, makali yameuliwa, chuma kinapinda kama fito ukimchoma mtu, mnavaa maski na jaketi nene mnapigana kweli. Na Nürnberg ndo kama kwao. Jumba la makumbusho la hapa mjini, Germanisches Nationalmuseum, lina kitabu kilichoandikwa kwa mkono, namba 3227a, chenye mashairi ya mwalimu anaitwa Johannes Liechtenauer ambaye karibu upanga wote wa Kijerumani unamrudia yeye. Mwaka 1487 kaizari Friedrich III aliwapa Marxbrüder, chama cha mafundi wa upanga, hati yao hapahapa. Hata Dürer mchoraji, mtoto wa mji huu, 1512 alichora kitabu kizima cha watu wanaopigana mieleka na panga. Kwa hiyo Mjerumani akiniuliza mbona unacheza hivi vitu namwambia ndugu, nimehamia kwenu, najifunza ya kwenu, wewe mbona huchezi?

Jina la klabu silitaji. Kuna mambo nitasema hapa chini hayatawafurahisha na ni watu wazuri, na dunia ya upanga ni ndogo kuliko mnavyofikiria. Ada ni euro 28 kwa mwezi, Jumatatu na Jumatano jioni, alafu kuna kozi ya ziada ya mwili Jumamosi asubuhi, euro 18 juu yake, miezi sita kuanzia Oktoba hadi Machi. Kwenye tangazo walisema ni kwa ajili ya watu wanaoishiwa pumzi kabla ya kuishiwa mbinu. Nikasema hapa wameniandika mimi na jina langu.

Siku ya kwanza ni vipimo. Nilitegemea mizani, nikavua hadi viatu, kumbe mizani hata hawana. Kocha, mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, hana kilo sitini yule, akanipa vifaa vyote nikavaa, akanisimamisha mbele ya nguzo iliyofungwa mipira ya baiskeli akasema kata, juu kulia juu kushoto kwa hatua, dakika mbili bila kusimama. Mimi moyoni, dakika mbili tu? Aisee. Sekunde arobaini mabega yakawa yanawaka moto, sekunde sabini nikaweka upanga chini nikashika magoti, ndani ya maski jasho linaingia machoni na huwezi kulifuta maana kuna wavu katikati. Wakapima mapigo ya moyo, 168. Baada ya dakika moja ya kupumzika wakapima tena, 151. Kocha akasema hiyo namba ya pili ndo nitakayokuuliza, ya kwanza sina shida nayo. Sikumwelewa siku hiyo.

Hapa ngoja niwatoe watu ujinga niliokuwa nao na mimi. Upanga hauna uzito. Wengi tunadhani hizi panga za wazungu wa zamani zilikuwa kilo kumi, mtu anaziburuza. Upanga mrefu halisi ulikuwa kilo moja na robo mpaka moja na nusu hivi, huu wa mazoezi unaoitwa feda ni hivyohivyo, urefu kama mita 1.3, ukiushika unashangaa ulivyo mwepesi, jembe la nyumbani ni zito zaidi. Kinachokuua ni vingine. Kwanza jaketi lenyewe, halina uzito wa kutisha ila halitoi joto, ni kama kuvaa godoro. Ongeza maski na kifuniko chake, kinga ya koo, glavu kubwa kama za kuokea mikate, kinga za viwiko, magoti na mifupa ya mguu, jumla ni kama kilo 7 au 8. Alafu mikono yako miwili unaiweka juu muda wote, mkao mmoja unaitwa vom Tag upanga uko begani au juu ya kichwa, jaribu kukaa hivyo dakika tatu bila upanga wowote uone. Na zaidi ya vyote unajibeba wewe mwenyewe, kila pigo lina hatua, unaenda mbele unarudi unachepuka pembeni, na mimi kila hatua nilikuwa nahamisha kilo 104. Yaani nilikuwa na mpinzani mbele na mwingine nimembeba tumboni.

Kwa hiyo kozi yao haikugusa mikono kabisa mwezi wa kwanza. Miguu na pumzi, basi. Kuna zile ngazi na mawe ya kupandia Kaiserburg, ngome ya zamani juu ya mlima, wanaokaa hapa mnazijua, kocha anatupeleka pale saa mbili asubuhi watalii hawajaamka, unapanda kwa mwendo wa kutembea haraka, unashuka taratibu, mara sita. Haruhusu kukimbia. Anasema unapanda kwa kasi ambayo bado unaweza kuongea sentensi nzima, ukishindwa kuongea punguza. Mimi Kijerumani changu chenyewe nikiwa nimekaa kinanisumbua sasa niongee huku napanda mlima, nikawa nahesabu kwa Kiswahili moja hadi ishirini kwa sauti, watu wa kundi wakadhani naomba dua. Wiki ya kwanza niliishia mara ya tatu. Kufika Desemba, baridi ya kukata masikio, barafu kwenye mawe, nikawa namaliza sita na sentensi zinabaki.

Baada ya hapo ndo wakaleta vitu vya kufurahisha. Tairi la lori na nyundo ya kilo 5, unapiga sekunde thelathini kulia thelathini kushoto, unapumzika dakika. Nilidhani kocha kaitoa mtandaoni kumbe ana kisa chake, kuna shujaa wa Ufaransa anaitwa Boucicaut, kitabu cha maisha yake kiliandikwa 1409 akiwa hai, kinaeleza mazoezi yake ya ujanani. Alikuwa anakimbia mbali kutafuta pumzi, anapiga kwa shoka au nyundo muda mrefu ili mikono izoee, anapanda upande wa chini wa ngazi kwa mikono tu miguu inaning'inia, na anapiga sarakasi amevaa chuma mwili mzima isipokuwa kofia. Tukajaribu ile ngazi. Vijana wawili wakapanda mpaka juu. Mimi nilining'inia sekunde tisa nikadondoka kama fenesi. Machi mwishoni nilining'inia sekunde 41, kupanda bado, ila kidole hakinitetemeki tena nikishika upanga na huo ni ushindi mkubwa kuliko mnavyodhani, maana upanga unashikwa na vidole, mkono ukichoka unaanza kuukaba kama unaua nyoka na mapigo yote yanakuwa mazito ya kijinga.

Magoti. Hili niliogopa kuliko yote na hapa nawapa maua yao. Kuna mwalimu wa baadaye, Joachim Meyer, kitabu chake kilichapwa Strasbourg 1570, picha zake watu wanakaa chini sana, goti limekunjwa mguu mwingine nyuma kabisa, inapendeza mno na mtu wa uzito wangu inammaliza. Wengine klabuni wanaicheza hiyo. Kocha alinikataza kabisa mpaka nishuke chini ya 95, akanipa mkao wa juu zaidi, hatua fupi, skwati za kukaa kwenye kiti na kuinuka, unashika chuma kifuani, mara kumi kwa raundi tatu, hakuna kurukaruka kamba kwa miezi miwili. Wenzangu wanaruka kamba mimi naendesha baiskeli iliyofungwa pale ukutani. Niliona kama nabaguliwa kwa ajili ya kitambi hahaha ila goti langu la kushoto ambalo lilikuwa linalia kila nikishuka ngazi za U-Bahn, treni ya chini ya ardhi, saivi limenyamaza.

Sasa lawama. Januari akaja msaidizi mwingine, kijana, kocha alikuwa kasafiri wiki tatu. Huyu kijana kasoma Vegetius, yule Mrumi aliyeandika kwamba askari wapya walikuwa wanafundishwa na panga za mti na ngao zenye uzito mara mbili ya zile za vitani, wanapiga mti uliosimikwa chini. Ni kweli imeandikwa hivyo. Basi akatutengenezea marungu ya mbao ya karibu kilo 3, marefu kama upanga, tukapiga nguzo mapigo 200 kwa siku, Jumamosi mbili mfululizo. Mrumi alikuwa anafundisha vijana wa mashambani waliolima tangu utoto, na upanga wao ni mfupi wa mkono mmoja, hakuwa anamfundisha dereva wa foklifti wa miaka 39. Jumapili ya pili nikashindwa kushika kikombe cha chai. Kiwiko cha kulia, upande wa nje, ukigusa unaruka. Daktari akasema ni ile wanaita kiwiko cha mcheza tenisi, kano zimechoshwa, wiki sita bila kukata kwa nguvu. Nilipomwambia yule kijana akaniambia maumivu ni sehemu ya mazoezi. Nilimjibu kwa Kiswahili ili nisivunje heshima.

Kocha aliporudi alikasirika, lakini hakukasirikia mimi. Marungu yakaondolewa na nikapewa mambo mawili ya kufanya nyumbani, moja rababendi ile ya kufungia mchicha unaivaa kwenye vidole vyote vitano unavifungua kama ua, mara thelathini, ukiwa unaangalia mpira, na lingine unashika chupa ya maji unaiinua kwa kiganja kikiangalia chini na unaishusha taratiiibu. Vitu vya kitoto kabisa na ndivyo vilivyonirudisha. Ila hii ilitakiwa niipewe Oktoba, sio Februari baada ya kuumia. Nyota moja nzima inaondoka hapo na sirudishi.

Chakula. Kozi inakuja na karatasi ya kula, kurasa nne, na hapa walinipoteza ukurasa wa kwanza. Asubuhi Quark na mbegu, mchana mkate wa rai na jibini, jioni supu. Quark kwa ambao hamjaiona ni kama mtindi uliokamuliwa maji mpaka ukaghairi kuwa mtindi. Siku nne nikavumilia, ya tano nikapika ugali wa watu watatu nikala peke yangu nimesimama jikoni. Nikamwandikia kocha nikamwambia kabisa, hii karatasi sio ya watu, ni ya Wajerumani, akacheka akasema basi niletee unachokula tukipime. Na kweli nikampelekea, unga wangu, maharage, kopo la tui la nazi, picha ya sahani. Tukapima kwenye kimizani cha jikoni.

Jamani tui. Mimi wa pwani, kila kitu kwangu kina nazi, wali wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa nazi, na nilikuwa namwaga kopo zima la mililita 400 kwenye sufuria la watu wawili. Soma lebo, kopo moja ni kalori 700 na kitu. Hiyo ni doner kebab nzima imejificha kwenye mboga. Alafu chai, vijiko vinne vya sukari mara vikombe vitatu kila usiku kazini ni karibu gramu 50 za sukari kabla sijala kitu. Ugali wenyewe ambao kila mtu huku ananiambia niache wala hakuwa mchawi, unga mkavu gramu 80 ni kama kalori 290, unatoa bonge la ukubwa wa ngumi, ukila na dagaa na mchicha umeshiba. Shida yangu ilikuwa bonge la ukubwa wa kichwa. Tukakubaliana: ngumi moja ya ugali au wali, dagaa au maharage mpaka nishibe, mboga za majani nusu sahani, kopo la tui ligawanywe mara nne likagandishwe kwenye friji, chai kijiko kimoja. Chapati Jumapili. Hakuna Quark.

Hesabu yake alinipa ambayo naona ni ya haki, kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, ukipunguza kalori 500 kwa siku unapata kama nusu kilo kwa wiki na mtu anayekuahidi zaidi ya kilo moja kwa wiki mkimbie. Na akaniambia kitu kingine ambacho hakuna jimu iliwahi kuniambia, kwamba upanga wenyewe usiutegemee kukukondesha. Darasa linachukua saa moja na nusu lakini toa muda wa kuvaa, toa muda mnaosimama mnamsikiliza mtu anasoma Kijerumani cha zamani na kubishana neno moja lina maana gani, kupigana kwenyewe hakufiki nusu saa. Ukitoka hapo una njaa ya simba, unapita kwenye doner pale stesheni, umerudisha yote na zawadi. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kila Jumatano mwezi mzima wa kumi. Ushukuriwe Uislamu wangu zile soseji za Nürnberg wanazoweka tatutatu kwenye mkate hazinihusu, harufu tu, lakini Lebkuchen, zile biskuti za viungo za Krismasi, hazina nguruwe na nilizila, Desemba yote nilipunguza gramu mia tatu.

Mambo ya mizani kila mtu anafanya kwake na hawakuulizi. Nilianza 104.3, mwisho wa Februari 94.6. Mama yangu kunipigia simu ya video akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, unaumwa nini?" Nikamwambia siumwi mama, nafanya mazoezi. Akasema basi kula. Dada yangu nyuma yake namsikia, "huko Ulaya wanamnyanyasa kazini huyo." Wiki nzima nikawa napokea simu za shangazi na mama wadogo, mmoja akanitumia jina la mtu wa kunisomea dua. Sasa kwenye karatasi ya kurasa nne hakuna sehemu iliyoandikwa jinsi ya kumjibu mama, hiyo ingekuwa na thamani kuliko Quark.

Ramadhani ilituangukia Machi, mwezi wa mwisho wa kozi, na nilikuwa nimeshajiandaa kuacha. Magharibi hapa katikati ya Machi ni saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi jioni na darasa linaanza saa moja na nusu, kwa hiyo Jumatatu na Jumatano nilikuwa nafuturu tende na uji, nasali, naenda, nikirudi ndo nakula. Hiyo iliwezekana kabisa. Tatizo ni Jumamosi asubuhi nikiwa nimefunga. Kocha mwenyewe ndo alinifuata akauliza, na akasema jaketi na maski hauvai ukiwa huwezi kunywa maji, hiyo sio mjadala. Wiki nne nikawa nafanya mapigo ya taratibu bila jaketi, hewani, kama mtu anayechora, pamoja na kunyoosha viungo na kutembea. Uzito haukushuka kitu cha maana, futari ya wenzangu wa msikitini inajulikana, mtu anakuletea katlesi kumi utazirudishaje. Lakini zile wiki nne za upole ndo mapigo yangu yalinyooka kuliko muda wote, maana nilikuwa sina nguvu za kulazimisha.

Na hapo nirudi kwenye kile kitabu cha 3227a, maana kocha alikuwa anakirudia kila mara mpaka tukawa tunamtania. Kinasema kama nguvu ndo ingekuwa inashinda siku zote basi sanaa ingekuwa na faida gani, na kinashikilia sana neno moja la Kilatini, motus, mwendo, kwamba ukishaanza usisimame, pigo likikosa lingine limeshaanza. Mimi miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nashinda kwa njia moja tu, nagonganisha upanga, naingia, nasukuma na tumbo. Kwenye mashindano mengi ya upanga mrefu hakuna madaraja ya uzito kama ngumi, kwa hiyo mtu mzito akishika mwili wa mwenzake inasaidia, sitadanganya, kuna mieleka ndani ya sanaa hii na ni halali. Lakini yule mama wa kilo hamsini na kitu alikuwa ananisubiri nikimbilie, anatoka pembeni, ananipiga kichwani na nikigeuka ameshaondoka. Kila mara. Nikiwa na pumzi ya dakika moja nilikuwa sina jinsi zaidi ya kukimbilia, nimalize kabla sijafa. Mtu asiye na pumzi hana subira. Nimewahi kuona kirumbizi Lamu wakati wa Maulidi, wazee wanachezeana fimbo kwa ngoma na zumari, kuna mzee mmoja alikuwa anazunguka tu hana haraka kijana anatokwa jasho. Nilicheka siku ile. Sasa ndo nimejua nilikuwa naangalia nini.

Vidogovidogo vya kulalamikia. Ukumbi ni wa shule, baridi Januari mpaka unaona pumzi yako, na bafu moja la maji ya moto kwa watu ishirini. Jaketi za kuazima zinaishia saizi ya mtu wa kawaida, wiki tano nilivaa moja isiyofunga chini nikawa na kitambi nje kama mzigo umebaki mlangoni, kama klabu inatangaza kozi kwa watu wanene basi inunue hata jaketi mbili za watu wanene. Bima ya afya haikunirudishia hata senti, huku bima zinachangia kozi za kinga ila lazima iwe imepata kibali chao na hii haina, waulize mapema kabla ya kulipa. Na vifaa vya kwako ukinunua jiandae, mimi feda euro 270, maski 110, jaketi 240, glavu 160, vingine vidogo kama 100. Usinunue jaketi mwanzoni mwa kozi! Nilinunua Novemba la kunitosha na saivi linanining'inia, na jaketi linaloning'inia ni hatari, ncha inaingia kwenye mikunjo.

Vipimo vya mwisho. Ile dakika mbili kwenye nguzo nimeifanya mara tatu na mapumziko ya dakika moja katikati. Mapigo ya moyo baada ya raundi ya kwanza 162, dakika moja baadaye 124, kocha akaandika ile ya pili, ya moyo kutulia, akaizungushia duara. Kiuno kutoka sentimita 116 hadi 104. Uzito 94.1, na kwa hesabu za daktari bado ni mnene, BMI inagoma kwenye 31.8, alivyoniona safari hii angalau alisema "gut", yaani vizuri. Kocha naye nilimgusa kwa mara ya kwanza Machi, pigo moja mkononi, akasema safi alafu akanipiga manne.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne na nusu bila yale marungu. Kama una goti bovu au kitambi na unaogopa kuchekwa, nenda, hawatakucheka, ila uliza kwanza nani anafundisha wiki hiyo, na ukiona mtu anakupa mti wa kilo 3 mwambie kiwiko kinauma hata kama hakiumi. Kama unatafuta kukonda haraka kwa ajili ya harusi, hapa sio. Kama unakula kwa karatasi yao bila kubadilisha, pole yako.

Mimi nimeshalipia kuanzia Aprili. Mke wangu kasema jaketi lisiingie tena chumbani, liko balkoni toka juzi na bado halijakauka, na kesho Jumatano.